Hamira kwa vibwagala: niliyojifunza bandani kwangu Mbozi

Nguruwe akizaa vizuri, nyumba nzima hufurahi. Majirani huja kuchungulia bandani, wanahesabu, wanatoa hongera, na wapo wanaoweka oda hapo hapo. Mimi furaha yangu huiweka akiba kwanza, maana kipindi kinachonikosesha usingizi kinakuwa bado hakijafika. Ni zile wiki mbili baada ya vibwagala kutengwa na mama yao. Ndipo kibwagala aliyekuwa mnene na mwenye kung'aa anapogeuka mifupa, nywele zimesimama, matako yamelowa, na asubuhi unamkuta amejikunyata pembeni peke yake huku wenzake wakigombania kihori.

Nafuga huku Mbozi, mkoani Songwe. Nilianza na wale weusi wa kienyeji, sasa nina machotara wa Large White na Landrace. Kwa miaka michache iliyopita nimekuwa nikichanganya hamira kwenye chakula cha vibwagala walioachishwa, na wafugaji wenzangu wananiuliza sana. Wengine wameambiwa na wauzaji kwamba ni dawa ya kila kitu, wengine wameitumia mara moja wakaona hela imepotea. Kwa uzoefu wangu hamira ina kazi yake maalumu, na kazi hiyo ni nzuri kweli, ila ni lazima mtu aelewe inafanyikia wapi.

Inafanyikia utumboni. Hilo nililielewa siku afisa mifugo wetu alipompasua mbele yangu kibwagala aliyekufa usiku. Nilidhani nitaona tumbo tupu, kwa jinsi mnyama alivyokonda. Tumbo lilikuwa limejaa chakula kikavu, karibu kama kilivyotoka kwenye ndoo. Utumbo mwembamba ulikuwa umetanuka, ngozi yake laini hata unaona ng'ambo, ndani kuna maji ya rangi ya maziwa yaliyoganda.

"Mama, huyu hakufa njaa," akaniambia. "Amekula, ila hakuna kilichosagwa. Na maji yote ya mwili wake yameishia hapa."

Kisha akanieleza, nami nikamuuliza tena na tena mpaka nikaridhika. Kibwagala anayenyonya ana vimeng'enya vya kusaga maziwa. Asidi ya tumbo lake bado ni kidogo, na uwezo wake wa kusaga wanga wa mahindi na protini ya soya haujakomaa. Siku unapomtenga na mama, mara nyingi anakataa kula kwa siku nzima au zaidi, halafu anashikwa na njaa na kula kwa pupa. Ndani ya siku chache vile vinyweleo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula hufupika. Chakula kisichosagwa kinashuka chini, na huko kinawalisha bakteria. Adui mkubwa ni aina fulani za E. koli zenye nywele ndogo za kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo, kama kishona nguo kinavyong'ang'ania sketi ukipita majanini. Zikishajishika hutoa sumu inayovuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni. Ndiyo hayo maji niliyoyaona. Na yote haya yanatokea wakati kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama imepungua na yake mwenyewe haijasimama.

Porini nguruwe hamwachishi mtoto ghafla. Humpunguzia maziwa kidogo kidogo kwa miezi, na mtoto huku anachimbua na kuonja. Sisi tunafanya kwa siku moja. Ulaya sheria inataka kwa kawaida kibwagala asiachishwe kabla ya siku 28, na wengi huachisha hapo hapo ili mama apandwe mapema. Kwetu ushauri wa siku nyingi ni wiki nane, na wafugaji wenye chakula kizuri hushuka hadi sita. Mimi huachisha wiki ya sita, na kibwagala mdogo kuliko wenzake humwacha na mama kidogo zaidi. Sioni sababu ya kukimbilia wiki nne kwa mahindi na mashudu yetu haya.

Huku kwetu jibu la haraka la kuharisha lilikuwa dawa. Unakwenda duka la pembejeo, unauziwa unga wa oksitetrasaiklini, unauchanganya kwenye maji ya kundi zima, mgonjwa na mzima, tena wengine huanza kabla ya kuachisha, ati kinga. Dawa za kuua bakteria zina mahali pake, na mgonjwa anayetakiwa kutibiwa atibiwe kwa kipimo na kwa siku zilizoandikwa. Lakini ukiwapa wazima kila mzao, bakteria wanazoea, na siku ugonjwa unapokuja kweli dawa haifanyi kitu. Bakteria hao hao sugu wanaweza kutufikia sisi wenyewe na watoto wetu. Sweden ilipiga marufuku dawa hizo kama kikuzio cha mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 2006. Wafugaji wao wakaegemea zinki oksaidi, wakiweka kiasi kikubwa kwenye chakula cha wiki mbili za kwanza. Nayo ikasimamishwa Juni 2022, kwa sababu zinki nyingi hutoka na mavi na kubaki ardhini. Ndiyo maana huko hamira na vitu vya aina yake vimetafitiwa sana: walilazimika kutafuta njia nyingine ya kulivusha tumbo la kibwagala.

Sasa hamira yenyewe. Ni kiumbe hai, aina ya kuvu mdogo asiyeonekana kwa macho, jina lake la kitaalamu Saccharomyces cerevisiae, yule yule anayeumua mandazi na kuchachusha bia. Kwenye chakula cha mifugo anakuja kwa sura tofauti, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa wanaposimama mbele ya muuzaji.

Kuna hamira hai, iliyokaushwa lakini bado inaweza kuamka. Hii haijengi makao ya kudumu utumboni mwa nguruwe. Inapita, na ikiwa inapita hutumia hewa ya oksijeni iliyopo, jambo linalowasaidia bakteria wema wasiopenda oksijeni. Kwa kuwa inapita tu, lazima iliwe kila siku. Ukikatiza, kazi imekatika.

Kuna kuta za seli za hamira, ambazo zimekufa na kutenganishwa na utomvu wa ndani. Ukuta huo umejengwa kwa sukari za aina mbili zinazotuhusu. Mannani hufanana na zile sukari za ukuta wa utumbo ambazo E. koli na salmonela wengi hujishikiza kwazo, hivyo bakteria hujishika kwenye kipande cha hamira na kutoka nacho kwenye mavi. Beta-glukani, ile ya pili, hutambuliwa na askari wa mwili na kuwaweka macho. Halafu kuna utomvu wenyewe, wenye nyukleotidi, yaani vijenzi vya vinasaba vya seli, na vitamini za kundi B, na kuna bidhaa ambazo hamira huuzwa pamoja na kile ilichokichachusha.

Tofauti hizi zina maana kubwa jikoni. Jirani yangu, mama mchapakazi kweli, huwapikia vibwagala wake uji wa dona na soya. Nilimkuta anamimina hamira hai kwenye uji unaotokota. Nikamwambia, "Dada, hapo umeshaiua." Hamira hufa joto likizidi kama nyuzi 60, na uji unaochemka ni zaidi sana ya hapo. Kuta zake bado zina faida hata baada ya kupikwa, lakini yeye alikuwa amelipa bei ya hamira hai. Siku hizi anasubiri uji upoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo anachanganya. Vivyo hivyo kwa wanaonunua chakula cha punje kutoka kiwandani: mashine ya kutengeneza punje hutumia mvuke wa joto kali, kwa hiyo huko kuta za seli zinafaa zaidi kuliko hamira hai ya kawaida.

Naulizwa pia kama hamira ya mandazi inafaa. Ni kiumbe yule yule, na haina madhara kwa kiasi kidogo, ila zile zinazouzwa kwa ajili ya mifugo zilichaguliwa kwa kuvumilia asidi ya tumbo na joto la mwili wa nguruwe, ambalo ni kama nyuzi 39. Mimi natumia ya mifugo. Nikiwa na wasiwasi kama bado ni hai, kwa sababu duka linapigwa jua, huweka kijiko kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari na kuangalia kama inatoa povu.

Kipimo ni kidogo sana, na udogo huo ndio mtihani. Bidhaa nyingi za kuta za seli hutaka kilo 1 hadi 2 kwa tani nzima ya chakula, yaani gramu 100 hadi 200 kwa kilo 100. Ukitupia kiasi hicho juu ya rundo la pumba na kupiga koleo mara mbili tatu, kibwagala mmoja atapata yote na wenzake hawataonja. Mimi huchanganya kwanza na kilo moja ya pumba laini kwenye beseni, kisha beseni hilo kwenye kilo kama kumi, kisha kumi hizo kwenye rundo. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), chumvi na laisini, kijenzi cha protini, navyo hupita njia hiyo hiyo. Nachanganya chakula cha kutosha wiki moja au mbili tu, na mfuko wa hamira ukishafunguliwa hukaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu na penye ubaridi.

Nilitaka kuona kwa macho yangu, si kusikia tu. Mizao miwili ilipoachishwa karibu pamoja nilitengeneza vyumba viwili, na katika kila chumba nikaweka wakubwa kwa wadogo, majike kwa madume yaliyohasiwa, kutoka kwa mama wote wawili. Ukiweka wakubwa upande wa hamira umejidanganya kabla hujaanza. Chakula kilikuwa kimoja, ila hamira upande mmoja, na nikawapima kwa mizani ya kuning'iniza. Nikarudia mzao uliofuata, nikibadilisha vyumba, kwa sababu chumba kimoja kinapata jua la asubuhi.

Vibwagala wakubwa hawakutofautiana sana. Aliyekuwa na afya alikua tu, awe na hamira au asiwe nayo. Tofauti niliiona kwenye mavi ya wiki ya kwanza, yaliyokuwa mazito zaidi upande wa hamira, na niliiona kwa wale wadogo. Upande mwingine wadogo walibaki nyuma, wakawa vidumavu ambao hata ukiwalisha miezi mingi hawalipi. Upande wa hamira kundi lilikwenda kwa usawa zaidi. Kwa mfugaji anayeuza, kundi lililolingana ni hela, maana mnunuzi hachagui-chagui na kukuachia mabaki. Nilifurahi nilipokuja kujua kwamba hata Marekani, walipokusanya majaribio mengi ya mannani kwa vibwagala na kuchapisha matokeo mwaka 2004, ongezeko la uzito wa kila siku lilikuwa kama asilimia 4 kwa wastani, na walionufaika zaidi ni makundi yaliyokuwa yakikua polepole. Asilimia 4 haimtajirishi mtu. Vifo vikipungua na vidumavu wakipungua, hapo hesabu inaanza kukubali.

Kwa hiyo mtu akiniambia hamira haikumsaidia, naomba kwanza anipeleke bandani kwake. Mara nyingi sababu iko pale pale. Huku nyanda za juu Juni na Julai baridi inauma, na kibwagala aliyezoea joto la mama analala juu ya sementi yenye unyevu. Huyo atatumia chakula chake chote kujipasha moto. Nyasi kavu nyingi, kona iliyozibwa upepo na kubanwa ili walale wamerundikana, hivyo vinafanya kazi kubwa kuliko kopo lolote. Maji nayo: kibwagala anayeharisha na asiye na maji safi karibu anakufa kwa kukauka hata kama utumbo wake ungepona. Soya isiyokaangwa ina kitu kinachozuia protini isisagwe, na dagaa wa mifugo mara nyingi wanakuja na mchanga. Pia kibwagala afundishwe kula mapema, kuanzia wiki ya pili akiwa bado ananyonya, kiganja kidogo cha chakula kile kile atakachokula baada ya kuachishwa. Siku ya kuachisha namwondoa mama na kuwaacha watoto chumba walichozaliwa. Mabadiliko mengi kwa siku moja ni mzigo mkubwa kwa tumbo dogo.

Kuna habari ya machicha, na hii nisipoisema nitakuwa sijatenda haki, kwa sababu huku Mbeya na Songwe machicha ni mengi. Yale ya kiwanda cha bia ni makapi ya shayiri. Yana protini nzuri, hata robo ya uzito wake yakikauka, lakini yana nyuzinyuzi nyingi, na mabichi huota kuvu ndani ya siku chache. Nawapa mama wenye mimba na wale wanaonenepeshwa. Vibwagala siwapi. Tope la hamira linalobaki kiwandani baada ya bia ni kitu kingine kabisa. Ni chakula cha protini, lenye laisini nyingi, lakini likiwa hai na kwa wingi linaendelea kuchacha ndani ya tumbo, linajaza gesi, na hamira hai hujichukulia vitamini B1. Hilo lichemshwe kwanza. Machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, yana hamira hai pamoja na kilevi. Nimeona vibwagala wa mtu wakiyumba na kulala ubavu, mwenyewe akidhani ni ugonjwa mpya umeingia kijijini. Moyo uliniuma.

Norwei wamekwenda mbali zaidi upande huo wa protini. Watafiti wa chuo kikuu chao cha sayansi za maisha, NMBU, waliwalisha vibwagala walioachishwa hamira ya aina nyingine, Cyberlindnera jadinii, inayokuzwa hata kwa sukari ya miti, ikachukua nafasi ya asilimia 40 ya protini ya chakula. Walikua sawa na wenzao wa soya. Nikiangalia bei ya soya na dagaa inavyopanda kila msimu, naomba siku moja wataalamu wetu, wa chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA) au wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, wafike huko kwa mabaki ya miwa au ya kahawa yetu.

Mahindi yenye kuvu ni jambo linalonikera zaidi ya yote. Wapo wanaoamini kwamba yaliyooza ndiyo ya nguruwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na nguruwe mdogo naye ana ini. Ukiona vibwagala majike wadogo kabisa uke umevimba na kuwa mwekundu kana kwamba wanatafuta dume, fikiria sumu ya kuvu iitwayo zearalenoni kwenye mahindi. Kuta za hamira hunasa kiasi fulani cha sumu hiyo. Aflatoksini, sumukuvu nyingine, inanaswa vizuri zaidi na udongo wa bentonaiti. Wauzaji wengine husema kopo moja linanasa zote; mimi mahindi ya namna hiyo siyapeleki bandani.

Na hamira haina lolote la kufanya na homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Kenya mwaka 1921, na mlipuko wa 2010 na 2011 uliopiga Kyela ulisambaa mikoa mingine na kuwaacha watu na mabanda matupu. Nimeshaulizwa na mama mmoja, kwa uchungu kabisa, kama angewapa hamira wake wangepona. Nikamwambia hapana, mama, wasingepona. Kinachowalinda ni mlango uliofungwa, dawa ya kukanyagia, kutokulisha mabaki ya nyama ya hotelini, na kutonunua mnyama mahali wanapokufa kwa homa.

Jambo nililoliongeza hivi karibuni ni kumpa mama hamira, kuanzia wiki za mwisho za mimba hadi kuachisha. Zipo tafiti zilizoonyesha maziwa ya kwanza ya nguruwe aliyelishwa hamira yana kinga zaidi, na bakteria wa kwanza wa kibwagala hutoka kwenye mavi na ngozi ya mama yake, kwa hiyo tumbo la mama likiwa sawa mtoto anaanza vizuri. Kuna faida nyingine ambayo afisa mifugo alinionyesha: hamira ni kuvu, dawa za kuua bakteria haziidhuru, hivyo mgonjwa akichomwa sindano hamira haikatizwi.

Na wanaonunua vibwagala kwangu siwaachi waondoke mikono mitupu. Mnyama anapanda pikipiki ndani ya kiroba, anafika banda geni lenye chakula kigeni, na kwake hiyo ni kuachishwa mara ya pili. Kwa kila kibwagala nafunga chakula chake cha wiki moja, kilichokwisha kuchanganywa hamira, namwambia mnunuzi siku tatu za kwanza ampe hicho peke yake, kisha aanze kukichanganya na chake kidogo kidogo mpaka kiishe. Bei yake naiweka ndani ya bei ya kibwagala. Wachache hulalamika, wanaona nawauzia pumba. Nawaomba wanipigie simu mfuko ukiisha, wanieleze mavi yakoje.